Picha za safari: Sura tumezisambaza, wenyewe tumewashirikisha?

MWEZI wa Januari simu yangu hujaa bahari. Wanafunzi wangu, wapwa zangu, hata maprofesa wenzangu wenye mvi, wote wametoka likizo na wote wameposti. Huyu yuko Diani, ameshika dafu. Yule yuko Lamu juu ya punda. Mwingine amevuka hadi Unguja, amesimama Forodhani wakati wa machweo, na video yake ya mawimbi ina muziki juu yake. Unatazama, unaweka alama ya moyo, unapita.

Sina ugomvi na jambo hili. Msafiri kurudi na habari ni ada ya kale, na asiyesimulia alikotoka huitwa mchoyo. Lakini siku hizi nimeshikwa na tabia moja ya kizee. Nazihesabu sura. Katika picha kumi za mtu aliyetoka Lamu, hakosi mvuvi mmoja anayeshona wavu, mwanamke wa buibui akipita uchochoroni, na watoto wawili watatu wanaocheka. Hao ni kina nani? Maelezo chini ya picha ni maneno mawili: “Raha tupu.” Au matatu: “Wenyeji wakarimu kweli!” Mwenye simu namjua kwa jina lake na la babake. Mvuvi hana jina.

Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba mtindo huu wa kusafirisha sura na kumwacha mwenyewe nyuma haukuletwa na simu. Una historia ndefu katika pwani yetu, na ndani ya Kiswahili mna neno linaloweza kutusaidia kuurekebisha.

Tuanzie kabla ya kamera. Zamani msafiri alirudi na maneno. Mwaka 1875 Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar alizuru Uingereza. Habari za safari hiyo ziliandikwa kwa Kiarabu na mtu wake, Zahir bin Said, na kitabu kikapigwa chapa London. Miongo miwili baadaye, mwaka 1896, Salim bin Abakari, mtu mwenye asili ya Ngazija, alifuatana na tajiri wake Mjerumani hadi Urusi na Siberia. Masimulizi yake ya Kiswahili yamo katika mkusanyiko wa Carl Velten uitwao Safari za Wasuaheli, uliochapishwa mwaka 1901.

Hebu litazame jambo hili vizuri. Kwa Salim, nchi ya joto ilikuwa kwao, mahali pa kawaida ambapo mtu anaamka na kwenda sokoni. Ajabu ilikuwa theluji. Leo tumezoea kusikia kwamba sisi ndio tunaotazamwa na mgeni ndiye anayetazama, lakini maandishi hayo yanatukumbusha kwamba Mswahili naye alitoka, akatazama, akasimulia.

Tena msimulizi wa aina hiyo huwezi kumtenganisha na habari yake. Yupo mbele yako. Anasema nilikwenda, niliuliza, niliambiwa. Ukimtilia shaka unaweza kumbishia, naye atakujibu. Habari ya mdomo ina mwenyewe, na mwenyewe ana jina.

Kisha ikaja kamera. Mwaka 1839 serikali ya Ufaransa iliutangazia ulimwengu ufundi wa Louis Daguerre wa kunasa sura juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Haikupita hata miaka kumi ufundi huo ukafika kwetu. Kati ya 1846 na 1848 nahodha Mfaransa Charles Guillain alizunguka pwani ya Afrika Mashariki, na picha zilizopigwa katika msafara wake ni miongoni mwa za kwanza kabisa zinazojulikana za watu wa pwani hii.

Haikuwa kazi ya kubofya. Mwaka 1860 James Augustus Grant, aliyefuatana na John Hanning Speke kutafuta chanzo cha Mto Nile, alipiga picha mjini Zanzibar. Enzi hizo mpigapicha alibeba vioo, chupa za dawa na hema la giza, na joto la kwetu halikuwa na huruma na vitu hivyo. Grant aliona kazi imemzidi. Safari ya bara aliiweka katika michoro ya mkono.

Kwa hiyo picha za mwanzo zilikuwa chache na ghali, nazo ziliishia katika vitabu na maktaba za wakubwa. Aliyezitia miguu alikuwa mtu wa posta.

Mwaka 1869 ulifanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Mwezi Oktoba, dola ya Austria na Hungary ilianza kutumia kadi ya posta, kipande cha karatasi ngumu kisicho na bahasha. Mwezi Novemba, Mfereji wa Suez ulifunguliwa, na njia ya meli kutoka Ulaya hadi Bahari ya Hindi ikafupika. Miaka mitano baadaye mataifa yalikutana Bern, Uswisi, yakaunda umoja wa posta uliorahisisha barua kuvuka mipaka. Picha zilipoanza kuchapwa juu ya kadi hizo, abiria aliyeshuka Zanzibar au Mombasa kwa saa chache tu aliweza kununua bahari, minazi na watu, akabandika stempu, akavituma kwao kabla meli haijang’oa nanga.

Hiyo ndiyo iliyokuwa “stetasi” ya babu zao! Hata sura yake ilifanana na ya leo. Hadi mwaka 1902, kanuni za posta za Uingereza zilitaka upande mmoja wa kadi uwe wa anwani peke yake. Ujumbe ulilazimika kubanwa upande wa picha, pembeni, juu ya mawingu au chini ya miguu ya watu. Yaani maneno machache juu ya sura ya mtu asiyejua yameandikwa nini. Umewahi kuona jambo kama hilo karibuni?

Waliozipiga picha nyingi za kadi hizo walikuwa na studio hapa hapa. Mjini Zanzibar walikuwapo Wagoa, A. C. Gomes na akina Coutinho miongoni mwao, watu wa ufundi mzuri mno. Waliwapiga masultani na matajiri, nao wakajulikana kwa majina na vyeo vyao. Waliwapiga pia wachukuzi, wauza maji, wanawake waliosukwa nywele na kuvaa kanga. Hawa wa pili, wakishaingia kwenye kadi, waligeuzwa kuwa aina. Maelezo yalisema “mwanamke wa Kiswahili”, “wenyeji”, “wasichana wa Zanzibar”. Jina la studio lipo. La mpigwaji halipo.

Na hapa pana jambo zito ambalo mtazamaji wa kadi hizo hapaswi kulipita haraka. Wakati biashara ya picha inashamiri, utumwa haujaisha. Amri ya kuukomesha kisheria Zanzibar ilitolewa mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Prita Meier, msomi wa historia ya sanaa aliyechapisha mwaka 2024 kitabu kuhusu upigaji picha katika pwani ya Waswahili, ni mmoja wa wanaotuhimiza kuzisoma picha hizo kwa kuukumbuka utumwa. Mtu asiyemiliki kazi ya mikono yake, wala hiari ya kwenda atakako, angemjibu nini mwenye kamera anayemwambia simama hapa, geuka hivi? Tunapoisifu picha nzuri ya mwaka 1890 tukumbuke kwamba uzuri wake hautuelezi kama aliyesimama mbele ya kamera aliulizwa.

Kadi hizo zilienda. Zilifika London, Hamburg, Bombay. Ziliwekwa kwenye albamu, na leo hupigwa mnada kwa wakusanyaji. Wajukuu wa waliomo ndani yake wako Mombasa na Unguja, na huenda wamepita mbele ya sura ya bibi yao kwenye ukuta wa hoteli wasimtambue.

Yaliyofuata tuyapitie kwa haraka. Mwaka 1888 George Eastman wa Marekani alitoa kamera ya Kodak ambayo mteja alibonyeza tu, mengine yakafanywa kiwandani. Mwaka 1900 ikaja ile ya Brownie iliyouzwa kwa dola moja. Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Ziwa Victoria mwaka 1901, na bara nayo ikaingia katika picha. Theodore Roosevelt alipokuja kuwinda mwaka 1909, Cherry Kearton alimpiga filamu iliyoonyeshwa mwaka uliofuata. Katika miaka ya 1920 Martin na Osa Johnson walipiga kambi Marsabit wakitengeneza filamu za wanyama. Neno letu safari likachukuliwa na Waingereza, likarudi likiwa limevaa kofia pana na buti: kwao safari ni kutazama simba. Kwetu, mwenye kwenda matanga Bungoma yuko safarini.

Lakini msomaji asidhani kwamba watu wetu walikaa tu wakipigwa. Historia ina upande wa pili, na mimi ndio ninaoupenda zaidi.

Wenyeji waliingia studio kwa miguu yao na kwa pesa zao. Mombasa palikuwa na studio ya Parekh, ambako vijana na maharusi walikwenda wakiwa wamependeza, wakachagua wenyewe wakae vipi. Lamu, katika miaka ya 1960, Omar Said Bakor alifungua studio akawa bingwa wa kukata na kuunganisha picha, akimweka mteja wake mahali ambapo jicho la kawaida halingemweka. Na katika miaka ya 1990, karibu na kivuko cha Likoni, wapigapicha wa vibanda walipamba kuta zao kwa meli, ndege na majumba. Heike Behrend, mwanaanthropolojia Mjerumani aliyeandika kuhusu wapigapicha wa pwani hii, ameeleza jinsi vibanda hivyo vilivyowavuta watu waliotoka bara kuja kutafuta kazi. Walisimama mbele ya ndege iliyochorwa, wakapigwa, wakatuma picha nyumbani.

Nililelewa bara, na nakumbuka picha ya namna hiyo iliyotumwa na binamu yangu aliyekuwa kibarua Mombasa. Amevaa miwani ya jua, mkono mmoja mfukoni, nyuma yake bahari ya rangi isiyopatikana popote duniani. Sote tulijua ni ukuta. Haikutusumbua. Tuliipokezana jikoni hadi pembe zikakunjika. Nyuma ya picha alikuwa ameandika kwa kalamu jina lake kamili, tarehe, na “salamu kwa wote wanaoniulizia”. Ilikuwa picha ya safari kutoka pwani, mali ya msafiri, na kila aliyeonekana ndani yake alikubali kuonekana.

Linganisha sasa na kadi ya posta. Bahari ile ile, minazi ile ile. Tofauti ni hii: katika ya Likoni, mwenye sura ndiye mwenye habari. Katika kadi, sura ni ya mmoja na habari ni ya mwingine. Swali langu kwa msafiri wa leo ni rahisi: picha ulizoposti ni za ukoo gani kati ya hizi mbili?

Tuingie kwenye lugha, maana ndiyo kazi yangu. Picha tumelikopa katika Kiingereza. Wazee walisema pia sanamu na taswira, yote mawili yakiwa na asili ya Kiarabu. Kitenzi tulichokichagua ni kupiga, kama tunavyopiga simu, pasi, chapa na mbizi. Hakuna ugomvi ndani yake, ni namna Kiswahili kinavyotaja kazi ya chombo. Ila angalia nomino. Tunaye mpigapicha, neno lililokomaa na kamusi inalijua. Na yule anayepigwa tunamwitaje? Nimeandika “mpigwaji” hapo juu na sikio langu limekataa. Sijakutana na neno lililozoeleka la kumtaja mtu huyo. Lugha hutaja kile ambacho watu wana haja ya kukitaja, na inaonekana mpaka sasa hatujaona haja.

Halafu kuna kitufe. Vijana husema “kushea”, nami sina haja ya kuwakemea, lugha ya mtaani ina njia zake. Lakini baadhi ya programu za simu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili huandika “Shiriki”. Tafsiri hii imepita kimyakimya na ina walakini. Kushiriki ni kuwa sehemu ya jambo: nashiriki mkutano, nashiriki mazishi. Anayetuma picha hashiriki chochote kwa kutuma. Anachofanya ni kuwashirikisha wengine. Ongeza kiambishi kidogo tu, -ish-, na maana inabadilika, kwa sababu kushirikisha ni kumfanya mwenzako awe mshirika. Kitenzi hicho kinadai mtu wa pili. Huwezi kusema “nimeshirikisha” ukanyamaza, tutauliza: umemshirikisha nani?

Swali hilo la kisarufi ndilo swali la kiutu. Tunaposambaza picha tunawashirikisha marafiki mia tatu walio mbali. Mvuvi aliyekuwa hatua nne kutoka kwetu, mwenye sura, tumemruka.

Kuna atakayesema profesa anatia chumvi, picha ni picha tu. Basi tutazame sheria. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu, na mwaka 2019 Bunge likapitisha Sheria ya Ulinzi wa Data. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya Sh1.85 milioni kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Shule moja nayo ilitozwa Sh4.55 milioni kwa kusambaza picha za watoto bila idhini ya wazazi. Sura ya mtu, kumbe, ina bei mahakamani hata kama kwenye simu ni ya bure.

Hata hivyo sheria hiyo inawabana hasa mashirika na biashara. Shughuli za mtu binafsi na nyumba yake imeziachia nafasi. Hapo panabaki adabu, na adabu ya pwani inajulikana: mgeni hupiga hodi. Anayeingia nyumbani kwa watu huku simu imeinuliwa hajapiga hodi.

Wengine watasema ukiomba ruhusa unaiharibu picha, mtu anakaza uso, uhalisi unapotea. Kweli, mara nyingine unapotea. Lakini wakati mwingine mtu hutengeneza kilemba, huinua kidevu, akakupa sura anayotaka ikumbukwe, kama binamu yangu na miwani yake. Wengine watauliza kuhusu umati, soko zima, Maulidi nzima, utamwuliza nani? Umati una uhuru wake, na mtu mwenye busara anajua tofauti kati ya kupiga picha ya soko na kumvizia mama mmoja anayepanga nyanya.

Sisemi pia kwamba kila picha iandikwe jina. Watoto wasitajwe kabisa, mtandao una mafisi wake. Mwenye kutaka kubaki bila jina abaki, mradi amechagua mwenyewe. Wanawake wengi wa pwani yetu hawapendi sura zao zizagae kwa wasiowajua, na hilo halihitaji kutetewa mbele ya mgeni yeyote. Likikataliwa, limekataliwa. Weka simu mfukoni, mnunulie mvuvi samaki, uliza wavu unashonwaje. Hiyo nayo ni habari ya kurudi nayo.

Lakini akikubali, fanya mambo mawili ambayo mnunuzi wa kadi ya posta hakuyafanya. La kwanza, andika kama Salim bin Abakari angesimulia: nilikwenda mahali fulani, nikamkuta fulani, akaniambia hivi. La pili ni jepesi zaidi, na miaka 130 iliyopita halikuwezekana. Mrushie picha yake. Nambari ya simu anayo, na inachukua muda mfupi kuliko kuchagua muziki wa video.

Wahenga wa baharini walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Hata uzunguke chombo chote, mbele na nyuma, mwisho utarudi pale katikati ulipotoka. Picha za pwani zimeshafika tezi na omo ya dunia kwa zaidi ya karne moja. Ngamani yake ni yule mtu aliyesimama mbele ya kamera, naye bado anangoja kuiona.